Sigaa na ramu begini: kwa nini swali la "ngapi" halina jibu moja

Mtu anayekaribia kurudi nyumbani kutoka Havana, Kingston au Santo Domingo huuliza swali fupi: naruhusiwa kubeba sigaa ngapi, na ramu chupa ngapi? Ufupi huo ndio unaolifanya swali liwe gumu, kwa sababu linachukulia kwamba mwenye kuruhusu ni mmoja. Begi lile lile hupita mbele ya wakaguzi kadhaa, kila mmoja akiwa na sheria yake na kipimo chake: forodha ya nchi unayotoka, ukaguzi wa usalama wa ndege, forodha ya nchi unayopitia endapo utatoka nje ya uwanja, na mwisho forodha ya nchi unayoingia. Mmoja huhesabu sigaa moja moja, mwingine huzipima kwa gramu, wa tatu husoma asilimia ya kilevi kwenye lebo, na yuko asiyejali idadi wala uzito, ambaye anachotaka kujua ni jani lile liliota katika ardhi ya nani.

Kwanza neno lenyewe. Kwa Kiswahili cha kila siku "sigara" ni ile nyembamba ya karatasi inayouzwa kwa pakiti, na "biri" kwa wengi wa pwani ni kile kijiti kidogo cha jani kilichokuja na Wahindi. Ile nene ya jani tupu, inayoviringwa kwa mkono na kuvalishwa pete ya karatasi, nitaiita sigaa, kama zinavyoiita kamusi. Utengano huu si wa lugha tu. Sheria nyingi za forodha zina kiwango kimoja cha sigara, kingine cha sigaa ndogo zisizozidi gramu 3, na kingine cha sigaa kamili, na mtu anayevichanganya hujikuta akisoma ruhusa isiyo yake.

Ili mambo yasielee hewani, tumchukue daktari wa kufikirika wa Nairobi. Kenya ilipeleka madaktari Cuba mwaka 2018 kusomea tiba ya familia, kwa hiyo safari yake si ya ajabu. Anarudi kwa ndege ya Havana hadi Paris, kisha Paris hadi Nairobi. Ana kisanduku kimoja cha sigaa 25 za umbo linaloitwa robusto, fungu la sigaa 10 zisizo na kisanduku alizopewa na mwenye nyumba wake, na chupa mbili za ramu ya asilimia 40, kila moja mililita 700. Huo si mzigo wa mfanyabiashara. Ni zawadi za baba mkwe, za wenzake wa hospitali, na kidogo chake mwenyewe.

Mlango wa kwanza ni wa Cuba yenyewe, na watu wengi husahau kwamba nchi inaweza kukuwekea masharti ya kutoka kama inavyokuwekea ya kuingia. Forodha ya Cuba humruhusu msafiri kutoka na sigaa 20 zilizo huru bila karatasi yoyote. Akitaka kufika 50, ziwe ndani ya visanduku vyake vya asili, havijafunguliwa, vikiwa na alama rasmi ya hologramu. Zaidi ya 50, aonyeshe risiti halali ya duka la serikali. Sababu iko wazi kwa yeyote aliyewahi kutembea mitaa ya Havana ya Kale: sigaa ni bidhaa ya serikali, na nje ya maduka yake kuna biashara kubwa ya sigaa zilizoibwa viwandani na nyingine zilizoviringwa chumbani kwa mabaki ya majani, kisha zikavalishwa pete ya Cohiba, chapa maarufu ya sigaa za Cuba.

Kisanduku halisi hujieleza chenyewe ukikigeuza. Upande mmoja kuna mkanda wa karatasi ya kijani, ule muhuri wa uhakika ambao asili yake ni amri ya mfalme wa Hispania ya mwaka 1889, na siku hizi una hologramu na msimbo wa mistari. Chini ya kisanduku kuna maandishi yaliyochomwa kwenye mbao kwa chuma cha moto, "Hecho en Cuba", na maneno ya kuthibitisha kwamba kazi yote ilifanywa kwa mkono. Pembeni yake kuna herufi za siri za kiwanda pamoja na mwezi na mwaka wa kufungwa. Kisanduku cha Cohiba chenye kifuniko cha kioo, ambacho wachuuzi hupenda kukionyesha kwa sababu kinapendeza, hakitoki kiwandani kabisa. Aliyekinunua amekwisha kudanganywa kabla hajafika kwa afisa yeyote wa forodha. Daktari wetu hapa yuko salama: kisanduku chake kimefungwa, na zile 10 za mwenye nyumba ziko chini ya 20.

Mlango wa pili hauhusu kodi hata kidogo, lakini chupa nyingi hupotea hapo kuliko mahali pengine. Tangu Agosti 2006, ilipogunduliwa London njama ya kulipua ndege kwa vimiminika, abiria wa sehemu kubwa ya dunia wamezoea kutopita ukaguzi na chupa ya zaidi ya mililita 100 mkononi. Ramu iliyonunuliwa mjini basi lazima iingie kwenye begi la kupakiwa chini ya ndege. Huko nako kuna sheria inayopima ukali. Kinywaji chenye kilevi kisichozidi asilimia 24 hakina kikomo cha usalama; kati ya 24 na 70 kila abiria anaruhusiwa lita 5, zikiwa katika chupa za dukani zisizofunguliwa; zaidi ya asilimia 70 hakiruhusiwi mkononi wala begini, kwa kuwa kinahesabiwa kama kitu cha kushika moto. Kwa ramu ya kawaida ya asilimia 40 hilo halina uzito, ila visiwa vya Karibi vina ramu zao za kutisha. Wray & Nephew nyeupe ya Jamaika ina asilimia 63, kwa hiyo inapita; ile kali ya Saint Vincent iitwayo Sunset, yenye asilimia 84.5, itabaki uwanjani hata kama una risiti kumi.

Daktari wetu amefunga chupa moja ndani ya suruali za jinzi na kuiweka katikati ya begi kubwa. Ya pili ameinunua uwanjani baada ya ukaguzi, na muuzaji ameitia kwenye mfuko wa plastiki mgumu, akaufunga kwa gundi isiyofunguka bila kuonekana, risiti ikisomeka kwa ndani. Mfuko huo ndio pasi ya chupa hiyo huko Paris, ambako abiria wa kuunganisha ndege hupitishwa tena kwenye mashine. Akiufungua angani ili amwonjeshe jirani yake, akifika Paris hana tena chupa ya kutoka uwanjani Havana. Ana kimiminika cha mililita 700 kisicho na maelezo.

Hapa inafaa kuzungumzia lile duka la uwanjani, kwa sababu jina lake ndilo lililozaa kutoelewana kukubwa kuliko kote katika jambo hili. Duka la kwanza la aina hiyo katika uwanja wa ndege lilifunguliwa Shannon, Ireland, mwaka 1947, wakati ndege zilizovuka Atlantiki zilikuwa zikitua hapo kujaza mafuta. Wazo lilikuwa rahisi: abiria aliyekwisha kupita uhamiaji ameshatoka nchini kisheria, kwa hiyo bidhaa anayouziwa haihitaji kubeba kodi za nchi hiyo. Msamaha huo unatolewa na nchi unayoiacha. Nchi unayokwenda haijashirikishwa na haijaahidi kitu. Chupa iliyonunuliwa kwenye duka lisilo na ushuru huingia katika hesabu ya forodha ya nyumbani sawasawa na chupa iliyonunuliwa kwenye duka la mtaani, na maneno "lakini nimeinunua bila ushuru" hayana maana yoyote mbele ya afisa, isipokuwa kwamba yanamsaidia kujua pa kuanzia hesabu.

Je, Paris ina neno gani kuhusu mzigo huu? Ikiwa daktari anabadili ndege tu, na begi lake limeandikiwa Nairobi, forodha ya Umoja wa Ulaya haimhusu. Lakini akiamua kukaa siku mbili kwa rafiki yake na kuchukua begi, ameingia Ulaya, na kiwango cha Ulaya kinamshika: kwa mtu wa miaka 17 au zaidi, lita 1 ya kinywaji chenye kilevi cha zaidi ya asilimia 22, na sigaa 50, au sigaa ndogo 100, au sigara 200, au gramu 250 za tumbaku. Neno "au" hapo lina kazi. Mtu anaweza kuchanganya kwa sehemu, kwa mfano sigaa 25 na sigara 100, maana kila kimoja ni nusu ya kiwango chake, lakini hawezi kuchukua vyote kwa ukamilifu. Sigaa zake 35 zinaingia; chupa zake mbili, lita 1.4 kwa pamoja, haziingii.

Angalia sasa begi hilo hilo likifika nyumbani. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, inayotumika Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, ina jedwali la misamaha, na ndani yake kuna kifungu cha abiria. Kwa mwenye miaka 18 au zaidi kinasamehe pombe kali isiyozidi lita 1, au divai isiyozidi lita 2; na kwa upande wa tumbaku kinasamehe gramu 250 kwa jumla, ziwe sigara, sigaa, tumbaku ya kiko au ya kunusa. Haisemi sigaa ngapi. Inasema gramu ngapi, na hapo ndipo msafiri aliyesoma mwongozo wa Ulaya kwenye simu yake anapokosea.

Ukitaka kuona ukubwa wa tofauti hiyo, weka sigaa kwenye mizani ya jikoni. Robusto, ambayo ni fupi na nene, urefu wake milimita 124, huwa na gramu 11 hadi 12. Montecristo namba 4, nyembamba kidogo lakini ndefu kwa milimita 5, huwa na gramu 8 na nusu hivi. Kisanduku cha 25 za Montecristo hiyo kina takriban gramu 212 za tumbaku, na bado pana nafasi ya kuongeza nne. Kisanduku cha robusto 25 kina takriban gramu 290, na kimeshavuka mpaka kabla hujaongeza hata moja. Visanduku viwili vya idadi ile ile, kimoja kinasamehewa chote na kingine kinadaiwa. Daktari wetu, mwenye robusto 25 na nyingine 10 za kupewa, amekaribia gramu 400.

Binafsi naona kipimo cha gramu ni cha haki zaidi kuliko cha kuhesabu, kwa kuwa tumbaku ndiyo inayotozwa na si umbo lake. Nchi inayohesabu humpendelea mwenye sigaa nene. Ila kipimo hicho kinamtaka msafiri ajue jambo ambalo kisandukuni halikuandikwa, na si kila meza ya forodha ina mizani ndogo ya kusoma gramu. Ndiyo maana mazungumzo mengi kwenye meza hizo huishia kwenye makadirio, na mwenye kujua uzito wa alichobeba huwa na la kusema.

Kuzidi kiwango si kosa. Jambo hili lirudiwe, kwa sababu hofu yake ndiyo inayowaingiza watu kwenye kosa halisi. Kiwango ni mpaka wa msamaha. Ukishauvuka unaingia kwenye kodi, hujaingia kwenye uhalifu. Uhalifu uko kwenye kuficha. Katika viwanja vyenye njia mbili za forodha, nyekundu kwa mwenye cha kutolea taarifa na kijani kwa asiye nacho, kupita njia ya kijani ni tamko kamili hata kama hukufungua kinywa: umesema kwa miguu yako kwamba huna cha kutolea taarifa. Ukikamatwa hapo na kilo moja ya sigaa, mzigo unaweza kutwaliwa na faini ikafuata, ilhali mzigo huo huo katika njia nyekundu ungekuwa suala la hesabu na risiti.

Hesabu yenyewe hupandiana kama ngazi. Kwanza kuna ushuru wa forodha, unaotozwa kwenye thamani ya bidhaa pamoja na gharama za kuifikisha. Juu yake huja ushuru wa bidhaa, ule ambao serikali huutoza kwa pombe na tumbaku hata zikitengenezwa nchini. Juu ya jumla hiyo ndipo inapokuja Kodi ya Ongezeko la Thamani, asilimia 16 Kenya na asilimia 18 Tanzania na Uganda, kwa hiyo msafiri analipa kodi juu ya kodi. Viwango vya ngazi mbili za kwanza hubadilika karibu kila bajeti ya Juni, na mtu asitegemee alichoambiwa na aliyesafiri mwaka juzi. Vitu vingine vya begini, nguo mpya, simu, vyombo, vina kikomo chake cha thamani kinachohesabiwa kwa dola, lakini pombe na tumbaku zina kifungu chake: huwezi kusema kwamba kwa vile hukununua nguo, nafasi ya nguo iende kwenye ramu.

Wala huwezi kuazima nafasi ya mwenzako. Msamaha ni wa mtu mmoja, kwa mali yake, anayoingia nayo mwenyewe, kwa matumizi yake au zawadi. Mume na mke wana lita mbili kwa sababu ni watu wawili wazima. Mtoto wao wa miaka 12 hana lita yake. Mtu anayekupa chupa kwenye foleni ya mizigo akikuomba umpitishie, amekuomba utoe tamko la uongo kwa jina lako. Na kifurushi kinachotumwa kwa posta au kwa kampuni ya usafirishaji kina taratibu zake za uingizaji, kwa hiyo asitokee mtu akatuma katoni ya ramu mbele na kudhani kwamba ataidai kama abiria akifika.

Kwa Waswahili walioko ng'ambo, nchi wanayorudi si Kenya wala Tanzania, na viwango vinapishana vibaya. Uingereza, tangu Januari 2021, inaruhusu lita 4 za pombe kali, ukarimu usio wa kawaida, lakini sigaa ni 50 tu. Ukarimu huo una mtego: ukizidi katika kundi, unalipia kundi zima, si ile ziada peke yake. Chupa tano za mililita 700 ni lita 3.5, na unapita bila neno. Chupa ya sita inakufikisha lita 4.2, na sasa unadaiwa kwa zote sita. Hesabu hiyo hiyo inamhusu anayerudi London na Konyagi kutoka Dar es Salaam, kwa kuwa kwa asilimia zake 35 nayo ni pombe kali mbele ya sheria, hata kama kwenye sherehe ya harusi inanywewa kama maji. Kanada inaruhusu lita 1.14, namba ya ajabu mpaka utambue kwamba ni aunsi 40 za kipimo cha zamani cha Kiingereza, pamoja na sigaa 50. Australia imebana tumbaku hadi gramu 25, ambazo ni robusto mbili. Singapore haisamehi hata sigara moja. Nchi hizi mbili za mwisho zinaendana na njia iliyoonyeshwa na mkataba wa kimataifa wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, ulioanza kutumika mwaka 2005, ambao katika ibara yake ya 6 unazihimiza nchi zizuie au zipunguze tumbaku isiyotozwa kodi kwa wasafiri. Mwelekeo wa dunia ni huo, na sidhani viwango vya leo vitaongezeka.

Ghuba ni habari nyingine. Saudi Arabia na Kuwait, msafiri hana kiwango cha pombe kwa sababu haingii nayo. Qatar nayo hairuhusu abiria kuingiza pombe, ingawa anayebadili ndege Doha bila kutoka uwanjani hubaki na mfuko wake wenye lakiri. Oman humruhusu asiye Mwislamu lita 2. Falme za Kiarabu huruhusu lita 4. Mtu wa Zanzibar au Mombasa anayepitia huko akiwa na nia ya kulala siku moja kwa ndugu ajiulize mapema begi lake litakuwa wapi usiku huo.

Nimeiacha Marekani mwisho kwa makusudi, kwa kuwa huko ndiko swali la "ngapi" linapovunjika kabisa. Kwa bidhaa za nchi nyingine sheria yake inaeleweka: mkazi anayerudi ana msamaha wa dola 800, na ndani yake sigaa 100 na, kama ametimiza miaka 21, lita 1 ya pombe. Akitoka nchi za Karibi zilizo kwenye mpango maalumu wa biashara, kama Jamaika na Barbados, anapata lita 2 iwapo moja imetengenezwa huko. Akitoka Visiwa vya Virgin vya Marekani anafika lita 5. Lakini kwa sigaa na ramu za Cuba idadi inayoruhusiwa ni sifuri, na sifuri hiyo haikutoka kwenye sheria ya kodi. Imetoka kwenye vikwazo.

Februari 1962 Rais John F. Kennedy alitia saini zuio la biashara na Cuba. Msemaji wake, Pierre Salinger, alisimulia miaka mingi baadaye kwamba jioni ya kuamkia siku hiyo aliagizwa atafute sigaa 1,000 za Petit Upmann, asubuhi akaleta habari kwamba amepata 1,200, na hapo rais akafungua droo ya meza, akatoa karatasi na kuitia saini. Aliyeweka marufuku alijiwekea akiba kwanza. Kwa zaidi ya nusu karne sigaa ya Cuba ikawa tunda lililokatazwa, hadi Desemba 2014, Barack Obama na Raúl Castro walipotangaza kurejesha uhusiano. Mwezi uliofuata msafiri mwenye safari halali aliruhusiwa kurudi na bidhaa za dola 400, pombe na tumbaku zisizidi dola 100 kati ya hizo, fedha ambazo hazinunui kisanduku cha maana. Oktoba 2016 kikomo hicho kiliondolewa, zikabaki kanuni za kawaida, sigaa 100 na lita moja. Kisha Septemba 2020, chini ya Donald Trump, Wizara ya Fedha ilifuta ruhusa ya kuingiza pombe na tumbaku za Cuba hata kwenye begi la abiria, na serikali iliyofuata haikuirejesha.

Kwa hiyo makala nyingi zilizoandikwa kati ya 2016 na 2020 bado zinasomwa mtandaoni, zinasema kweli ya wakati wake, na humtia hasarani anayeziamini leo. Kinachochanganya zaidi ni kwamba Mmarekani au mkazi wa Marekani aliyeko London au Nairobi anaruhusiwa kununua sigaa ya Cuba na kuivuta huko huko. Haruhusiwi kurudi nayo. Wala kulipa ushuru hakumsaidii, kwa sababu hakuna ushuru wa kulipa: hakuna njia nyekundu ya kutokea kwenye vikwazo.

Afisa wa huko hutazama asili ya bidhaa, si jina lake, na majina yanadanganya. Ramu ya Havana Club inayouzwa Marekani ni ya Bacardi, na hutengenezwa Puerto Rico. Havana Club ya sehemu nyingine za dunia ni ya Cuba, ikiuzwa kwa ubia na Pernod Ricard ya Ufaransa. Cohiba inayouzwa Marekani huviringwa hasa Jamhuri ya Dominika na kampuni isiyohusiana na ile ya Havana. Chupa mbili zenye jina moja zinaweza kukaa kwenye begi moja, moja halali na nyingine haramu, na kinachozitofautisha ni mstari mdogo wa lebo unaosema imetengenezwa wapi.

Na kuna sababu ya kijiografia kwa nini daktari wetu alifanya vyema kupitia Paris badala ya Miami. Viwanja vya Marekani havina njia ya kuunganisha ndege za kimataifa bila kuingia nchini. Kila abiria, hata anayeendelea na safari saa mbili baadaye, hupita uhamiaji na forodha, na kwa kawaida huchukua begi lake na kulirudisha tena. Maneno "napita tu" hayana mlango wa kupitia. Mwenye sigaa za Cuba, awe na pasi ya nchi gani, atafute ndege ya njia nyingine.

Asubuhi daktari anafika Nairobi. Anashika njia nyekundu akiwa na risiti tatu kwenye bahasha moja: ya duka la serikali la sigaa, ya ramu ya mjini, na ile inayoonekana ndani ya mfuko wa uwanjani. Anasema alichonacho: sigaa 35, kama gramu 400, na lita 1.4 za ramu. Zinazohesabiwa ni gramu zipatazo 150 na mililita 400 zinazozidi, na bei yake inasomwa kwenye risiti, si kwenye kichwa cha mtu. Analipa, anapewa stakabadhi. Kabla ya kuondoka anaombwa autoe ule mfuko wa plastiki, kwa sababu Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo tangu tarehe 28 Agosti 2017, na ya maduka ya viwanjani huachwa mahali pa kuingilia. Kitu kilichoilinda chupa yake njia nzima kinabaki kwenye pipa la uwanjani, na ramu inatoka nje imeshikwa kwapani, imeviringwa kwenye gazeti la Paris.